Mgeni njoo, mwenyeji apone

Wahenga hawakukosea. Binti yangu anayefanya kazi Amsterdam alikuja likizo nyumbani Nyamasaria. Jioni moja akatusimulia jinsi alivyotembezwa mji ule kwa baiskeli ya umeme, kiongozi akiwa mbele, akieleza habari za kila mfereji na kila daraja. Kisha akaniuliza, "Baba, na huu wetu utanitembeza lini?"

Nikajipiga kifua. Miaka thelathini nimepanda matatu kwenda kazini mjini. Nani aujue Kisumu kunishinda mimi?

Asubuhi yake tulikodi bodaboda mbili za umeme. Hazingurumi wala hazitoi moshi, hivyo abiria na dereva husikizana vizuri. Dereva wangu alinieleza kwamba zamani alibeba watu kwa baiskeli barabara hii hii, hata magoti yakakataa. Sasa kinachomkosesha usingizi ni betri. Ikikaribia kwisha, lazima aikimbize kituoni akabadilishiwe.

Tulishika barabara ya Nairobi, tukayapita Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, hadi barabara ya Oginga Odinga. Penye mnara wa saa, binti akauliza ulijengwa kwa ajili ya nani. Nikakohoa. Dereva ndiye aliyeniokoa: ni ukumbusho wa Kassim Lakha, nao ulifunguliwa 1938.

Bandarini nikanyamaza tena. Dereva akaeleza kwamba reli kutoka Mombasa ilifika hapa Desemba 1901, na mji ukaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston. Aibu iliyoje! Hapo nimepita mara ngapi, macho yakiwa kwenye saa ya mkononi?

Tulimalizia Dunga, penye mafunjo na mashua za wavuvi. Tulipokuwa tukila ngege kwa ugali, nilimwomba binti radhi. Akatabasamu.

"Baba, Amsterdam nilitembezwa na mtu nisiyemjua. Hapa sikutaka kiongozi. Nilikutaka wewe."

Samaki alinikwama kooni, na si kwa sababu ya mwiba.

Binti amekwisha kurudi kazini. Nami kila Jumamosi huchagua mtaa mmoja, nikawauliza wazee habari zake. Akija tena, mimi ndiye nitakayetangulia mbele.

Nawe msomaji, mwanao akikuuliza leo habari za mji wako, utamjibu nini?