Taa ya ngazini na rizista tatu

Leo tunawasimulia wazazi na wanafunzi kosa letu wenyewe, huenda likamfaa mtu.

Hapa kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, bibi hushuka ngazi tatu za uani kutia udhu wa Maghrib, na macho yake yamepungua nguvu. Kijana wetu anayesoma sekondari akaamua kumtengenezea taa ya betri ijiwashe yenyewe. Alichukua kihisi mwanga, kile kidude ambacho ukinzani wake hupungua kikipigwa na mwanga, akakiunga kwenye volti 5. Chini yake akaweka rizista kwenda hasi, na katikati akatoa waya kwenda kwenye chipu. Volti zikishuka chini ya 2.5, taa iwake.

Kwanza aliweka rizista ya ohm 220, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Taa ikawaka mchana kutwa, usiku betri imekwisha! Tukamwambia, weka kubwa, kubwa haina madhara. Akaweka ya 100,000. Jioni ile taa haikuwaka, bibi akateleza na kuumia kifundo cha mguu. Tulimgombeza mtoto, kumbe ushauri ulikuwa wetu.

Siku ya pili tuliazima mita. Tukachomoa kihisi tukakipima palepale ngazini: saa kumi alasiri ohm 1,000, baada ya adhana ya Maghrib 16,000. Hapo mambo yakawa wazi. Kwa rizista ya 100,000, volti zilitoka 4.95 zikafika 4.31 tu. Kwa ile ya 220 zilikuwa 0.9 tangu mchana.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Zidisha vipimo viwili, kisha tafuta kipeuo cha pili: ohm 4,000. Ya karibu madukani ni 3,900, yenye mistari ya rangi ya chungwa, nyeupe na nyekundu. Sasa volti ni 3.98 alasiri na 0.98 Maghrib. (Msichukue namba zetu, pimeni penu, vihisi havifanani.)

Ikabaki taa kuwaka na kuzima ovyo, kwa sababu ilikuwa ikimulika kihisi chake yenyewe. Kipande cha bomba jeusi kikamaliza hilo. Bibi sasa hushuka na fimbo, na kila jioni huuliza, "Nani kaniwashia?"