Chato: Nani Ana Ufunguo wa Pili?

Umelipa chumba, umekabidhiwa ufunguo, umefunga mlango na kutupa begi kitandani. Kuanzia hapo chumba ni cha nani? Ni chako wewe uliyelipa, au bado ni cha mwenye nyumba? Wengi wetu hatujiulizi swali hili mpaka mlango ugongwe usiku. Mimi na mume wangu lilitukuta Chato, kwenye safari ambayo nia yake ilikuwa moja tu: kupumzika, kula samaki na kutazama ziwa.

KUFIKA SI KAZI

Siku hizi kutoka Mwanza kwenda Chato ni raha tupu. Zamani ilikuwa lazima usubiri kivuko pale Kigongo, magari yamepanga foleni na wauza matunda wamezunguka madirisha. Tangu Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilipofunguliwa mwaka 2025, unavuka ukiwa bado unamenya karanga. Unaipita Sengerema, unaingia Geita, mji wa dhahabu ambako mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Halafu Katoro na Buseresere, miji ya biashara isiyolala, maduka yamejaa pampu, makoleo na mabuti ya wachimbaji. Baada ya hapo hewa inabadilika. Unasikia ubaridi wa ziwa, na unajua umekaribia.

Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo, mkoani Kagera, kabla ya kuwa wilaya. Mwaka 2012, Mkoa wa Geita ulipoanzishwa, ikahamia huko. Ndiko nyumbani kwa Hayati Rais John Pombe Magufuli, na ndiko alikozikwa tarehe 26 Machi 2021. Mji ni mdogo, lakini umepokea wageni wazito. Julai 2019 walifika Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, kila mmoja kwa wakati wake. Januari 2021 wakaja Waziri wa Mambo ya Nje wa China Wang Yi, Rais Filipe Nyusi wa Msumbiji na Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia. Kwa hiyo ukimzungumzia mtu wa Chato habari za ulinzi, hashangai hata kidogo.

Sisi tulikuwa tunaelekea Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, ambako sokwe walipelekwa miaka ya 1960 na mpaka leo wapo msituni. Tukaamua kulala usiku mmoja Chato mjini.

KITABU KILICHO WAZI

Loji tuliyoichagua ilikuwa safi, bei si mbaya, bustani imefagiliwa. Mapokezi kulikuwa na dada mmoja mchangamfu.

"Karibuni sana. Kaka, mpo wawili?"

"Wawili."

"Na huyu ni mama?"

Mume wangu akacheka. "Huyu ndiye mwenye safari. Mimi nimesindikiza tu."

Akatusogezea kitabu cha wageni. Unakijua, msomaji wangu: jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, namba ya kitambulisho, simu, namba ya chumba, saini. Kitabu kilikuwa kimefunguliwa juu ya kaunta, na mistari ya juu ilikuwa inasomeka vizuri kabisa. Kwa dakika mbili nikajua kwamba kuna mfanyabiashara ametoka Kahama na namba yake ya simu ni ipi. Nikajua pia kwamba kuna dada amelala peke yake, na yuko chumba kipi. Sikuwa nachungulia, karatasi ilikuwa mbele ya macho yangu. Sasa fikiria: kama mimi nimeyajua hayo yote, wale wanaume wawili waliokuwa wamesimama nyuma yetu wakisubiri zamu yao, je?

HODI YA SAA NNE NA NUSU

Usiku tulikula sato wa kuchoma na ugali wa muhogo, tukarudi kulala. Saa nne na nusu mlango ukagongwa.

"Nani?"

Kabla sijajibiwa, nikasikia ufunguo unazungushwa kwenye kitasa kutoka nje. Bahati nzuri komeo la ndani lilikuwa limefungwa.

"Ukaguzi! Fungueni!"

Mume wangu akavaa fulana, mimi nikajifunga khanga. Mlangoni walikuwa watatu: yule dada wa mapokezi ameinamisha uso, mlinzi mwenye rungu, na mwanamume mmoja mwenye jaketi ambaye hakujitambulisha. Huyo wa jaketi ndiye aliyetangulia kuingia. Akachungulia chini ya kitanda, akafungua mlango wa bafu, halafu akalishika begi letu.

Mume wangu akamwambia kwa upole, "Samahani bosi, wewe ni nani, na mnatafuta nini?"

"Utaratibu wa hapa."

"Sawa, ila mgeni huwa anaambiwa utaratibu. Kama wewe ni askari, tunaomba kitambulisho. Tutakungoja hapa hapa, aje na kiongozi wa mtaa ashuhudie."

Yule bwana akaliachia begi. Akaniangalia mimi na khanga yangu, akasema "Laleni salama," wakaondoka.

Kulala gani tena? Ninyi wanandoa mnajua jambo kama hili linavyoendelea baada ya mlango kufungwa. Mume wangu alikuwa na hasira kwa sababu ameulizwa kama mwizi mbele ya mke wake. Mimi nilikuwa na hasira kwa sababu ya yale macho. Kwa kuwa waliotuudhi wameshaondoka, tukageukiana wenyewe. "Ungekataa tangu mwanzo wasiingie!" "Halafu watutoe nje usiku huu, tuende wapi?" Safari ya mapumziko ikawa ya kununiana, kwa kosa ambalo si letu sote wawili.

KWANI KUKAGUA NI VIBAYA?

Tuwe wakweli. Hoteli ina sababu ya kutaka kujua kinachoendelea vyumbani. Tarehe 31 Desemba 1980 bomu lililipuka katika Hoteli ya Norfolk, Nairobi, likaua watu waliokuwa wakisherehekea mkesha wa mwaka mpya. Lilikuwa limetegwa ndani ya chumba cha mgeni aliyekodi kama wageni wengine. Tarehe 1 Oktoba 2017, huko Las Vegas, Marekani, mtu mmoja aliyekuwa amepanga ghorofa ya 32 ya Hoteli ya Mandalay Bay alifyatua risasi kutoka dirishani na kuua watu waliokuwa kwenye tamasha la muziki. Waliokufa, pamoja na waliofariki baadaye kwa majeraha, walifika 60. Alikuwa ameingiza bunduki nyingi chumbani kidogo kidogo, ndani ya mabegi.

Baada ya hapo hoteli kadhaa kubwa za Marekani zikaamua kwamba hata ukitundika kile kibao cha "usinisumbue", baada ya muda fulani mfanyakazi ataingia. Kumbe dawa nayo ina madhara yake! Agosti 2018, wataalamu wa usalama wa kompyuta waliokusanyika huko huko Las Vegas kwa mkutano wa DEF CON walilalamika kwamba walinzi wanaingia vyumbani mwao, na miongoni mwa walalamikaji walikuwamo wanawake waliokuwa peke yao. Swali lao lilikuwa lile lile la kwetu Chato: nitajuaje kwamba wewe unayegonga ni mlinzi kweli?

Asubuhi yule dada wa mapokezi alituletea chai na chapati. Akakaa kidogo.

"Dada, samahani kwa jana. Shemeji, samahani."

Akatueleza kwamba miaka ya nyuma kuna mgeni alizidiwa na ugonjwa humo ndani. Mlango umefungwa, watu wanajua amelala. Walipokuja kufungua siku ya pili alikuwa ameshafariki. Tangu siku hiyo mwenye loji akaagiza kila chumba kionekane kila siku. Nia njema, si ndiyo? Lakini hakuna aliyeandika ukaguzi ufanyike saa ngapi, ufanywe na nani, na mgeni aambiwe nini. Ndiyo maana ndugu wa mwenye nyumba, yule wa jaketi, anakwenda anavyotaka.

"Sisi tukiongozana nao ndiyo tunaonekana wabaya," akasema. Halafu akaongeza jambo lililonigusa zaidi ya yote. "Kuna wanaume wanakuja hapa kaunta usiku, wanauliza yule dada aliyeingia jioni yuko namba ngapi. Mimi huwa nasema ameshaondoka."

Nikamkumbuka yule aliyelala peke yake. Usalama wake usiku ule haukutegemea rungu la mlinzi. Ulitegemea mdomo wa huyu binti anayejua kunyamaza, huku kitabu cha loji hiyo hiyo kikimtangaza kwa kila mpita njia.

SHERIA INASEMAJE?

Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Imetaja mpaka unyumba! Taarifa ulizoandika kwenye kitabu nazo zina mlinzi wake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake iliyozinduliwa Aprili 2024. Jina lako, simu yako na namba ya kitambulisho chako vinakusanywa kwa sababu maalumu, si kwa ajili ya kusomwa na wateja wanaofuata.

Polisi wana mamlaka ya kupekua, na huku kwenye dhahabu, penye pesa taslimu na wageni wengi, watakuja. Lakini upekuzi una taratibu zake. Hati ya upekuzi kwa kawaida hutekelezwa mchana, isipokuwa mahakama iruhusu usiku, na dharura ina masharti yake. Mwanamke hupekuliwa mwilini na mwanamke mwenzake. Kitu kikichukuliwa, kinaandikiwa stakabadhi. Mlinzi wa loji si askari. Anaweza kuomba kukiona chumba, lakini begi lako si chumba.

Na kwa ninyi wapenzi mnaoogopa kuulizwa cheti: Tanzania Bara, mwanamume na mwanamke watu wazima kulala chumba kimoja bila cheti cha ndoa si kosa la jinai. Nyumba binafsi inaweza kuwa na masharti yake, hasa zile za taasisi za dini. Basi yaandikwe ukutani, muyasome kabla ya kutoa pesa.

GEITA WALIJUA KUBISHA HODI

Tulipotoka Rubondo tulilala Geita. Loji ya kawaida tu, tena ya bei nafuu kuliko ile ya kwanza. Mhudumu alitupa karatasi mojamoja ya kujaza, akaziweka kwenye droo. Akasema, "Vyumba vyetu tunavikagua saa tano asubuhi. Tunakuja wawili, mmoja mwanamke. Tunabisha hodi mara tatu. Msipoitika tunapiga simu ya chumbani, tukikosa jibu ndiyo tunafungua." Sekunde kumi tu! Asubuhi walikuja kama walivyosema, wakaangalia bomba, wakatutakia safari njema. Hakuna aliyenuna.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Ukaguzi walikuwa nao wote wawili, Chato na Geita. Kilichokosekana kwa wale wa kwanza ni kitu ambacho bibi zetu walitufundisha tukiwa wadogo: unabisha hodi, unasubiri karibu. Hodi isiyosubiri karibu ni uvamizi, hata kama aliyebisha ana nia njema.

KABLA HAMJALIPA

• Ulizeni mambo matatu: mnakagua saa ngapi, anakuja nani, na ufunguo wa pili anakaa nao nani? Mhudumu akibabaika, mmeshapata jibu.

• Jaribuni komeo la ndani kabla ya kuweka mabegi. Kama limelegea, ombeni chumba kingine.

• Ombeni kitabu kifunikwe kwa karatasi mnapojaza, na namba ya chumba isitajwe kwa sauti. Ukiwa dada unasafiri peke yako, hili usilionee aibu.

• Angalieni vitu vinavyotazama kitanda bila sababu, kama saa au chaja isiyo yenu. Zimeni taa, mmulike kwa tochi ya simu. Lenzi ndogo ya kamera iliyofichwa huwa inameremeta.

• Mkigongewa usiku, msifungue kwanza. Pigeni simu mapokezi, muulize ni nani ametumwa.

• Kubalianeni mapema nani atazungumza mlangoni. Mmoja aongee, mwingine asimame naye. Lawama zenu ziacheni mpaka kupambazuke, na mkizitoa, zielekezeni kwa mwenye loji.

Chato nendeni. Sato ni mtamu, ziwa halina kelele, na watu wake ni wakarimu kweli. Mkimkuta kaunta dada anayejibu kwamba mgeni fulani ameshaondoka, mwachieni chochote cha soda. Huyo ndiye ulinzi. Safari njema!