Ndoana ya Mpwa Wangu Katika Ziwa Babati

Basi letu lilipofika Kwa Kuchinja, mpwa wangu alibandika uso kwenye kioo cha dirisha, akaniuliza kwa nini pundamilia waliokuwa wakila majani karibu na barabara hawawindwi na mtu. Nikamweleza kwamba wanyama wale hupita hapo wakitoka Hifadhi ya Tarangire kwenda upande wa Ziwa Manyara na kurudi. Kwamba ndani ya hifadhi uwindaji umekatazwa kabisa, na nje yake hawindi mtu bila kibali cha Serikali. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mimi na wewe, Mjomba, tutawinda nini?"

Nikamjibu kwamba tutawinda samaki. Hakufurahi. Alikuwa ameahidiwa kuwinda, na kwa mtoto wa miaka 12 ahadi ni deni lisilo na msamaha.

Hapana budi nieleze deni hilo lilivyoanza. Dada yangu ameolewa katika kijiji kimoja kaskazini mwa Mlima Meru, upande wa Ngarenanyuki. Maji ya chemchemi na vijito vya huko hupita katika mawe ya volkano na kuchukua madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za madini hayo. Huko kuna vyanzo vyenye kiasi hicho mara kumi na zaidi. Magadi yanayotiwa katika maharage ili yaive upesi huongeza floraidi juu ya floraidi. Sisi watu wa Arusha na Manyara tunayafahamu sana meno ya rangi ya kahawia, na wengine huyataja kwa mzaha kuwa ndiyo kitambulisho cha mtu wa kaskazini. Lakini mzaha huo huishia kwenye meno. Madini hayo yakizidi mwilini mwa mtoto, huingia hata katika mifupa. Mpwa wangu alianza na matege madogo ambayo kila mtu alisema yatanyooka yenyewe. Hayakunyooka. Leo hutembea kwa magongo mawili, polepole, na jioni magoti humuuma.

Wenzake kijijini huwinda ndege kwa manati. Yeye ni fundi wa manati kuliko wote: hukata panda ya mti iliyonyooka, hufunga mpira wa tairi la baiskeli, na akilenga kopo juu ya uzio halikosi. Lakini kuwinda ndege si kulenga tu. Ni kukimbia, kuruka mifereji na kutambaa chini ya miiba. Kwa hiyo huwatengenezea wenzake manati, wao wakaenda zao, yeye akabaki uani kungoja kusimuliwa. Nilimkuta katika hali hiyo nilipowatembelea wakati wa Pasaka, na mdomo ukanitangulia: nikamwambia kwamba likizo ya Juni nitampeleka kuwinda.

Mama yake hakupenda. "Kaka," alinambia tulipokuwa peke yetu jikoni, "wewe utamrudisha baada ya siku tatu uende zako kazini. Mimi ndiye nitakayebaki naye akilia kwamba anataka kurudi huko." Kisha nilipotaja ziwa na mtumbwi, akaliweka chini sufuria alilokuwa nalo. Ziwa Babati lina viboko, na jambo hilo analijua kila mtu. Ilinichukua wiki tatu za simu na barua moja ndefu kumlainisha, na hata hivyo alikubali kwa sharti kwamba mtoto asiguse maji.

Baada ya ahadi ile nilianza kuuliza kama kuna wengine waliowahi kufikiri kama mimi. Nchini Marekani wapo. Huko kuna taasisi za hiari ambazo kazi yao ni kuwatimizia watoto wagonjwa sana jambo moja wanalolitamani. Mwaka 1996 taasisi moja mashuhuri ya aina hiyo ilimsaidia kijana mmoja mgonjwa wa jimbo la Minnesota kwenda Alaska kuwinda dubu. Watetezi wa wanyama wakaja juu, ugomvi ukawa mkubwa, na baadaye taasisi ile ikaacha safari zenye bunduki. Wapenzi wa uwindaji nao wakaunda vikundi vyao vya kuwapeleka watoto wagonjwa na wenye ulemavu porini na mitoni. Mimi sina bunduki wala sitaki ugomvi. Ila katika kelele zile zote niliona jambo moja ambalo pande zote mbili hazikulikanusha: kwamba mtoto mgonjwa naye ana hamu ya kutoka, kuotea na kupata kitu kwa mkono wake mwenyewe.

Kwetu jambo hili limo hata katika maandishi. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kifungu chake cha 30 kinataka watoto wa aina hii washiriki michezo na mapumziko sawa na wenzao. Maandishi ni mazuri. Lakini mkataba haumpakii mtoto basini. Lazima awepo mtu wa kumshika mkono pale ngazi ya basi inapokuwa ndefu kuliko goti lake.

Tulipita Minjingu, ambako hupatikana mawe ya fosfeti yanayosagwa kuwa mbolea. Nilimwambia mpwa wangu kwamba zamani sana ziwa lilifika hapo, na kwamba mawe yale yametokana na kinyesi na mifupa ya ndege aina ya mnandi, wapiga mbizi weusi walao samaki. Hilo lilimwamsha. "Kwa hiyo wakulima wanatia shambani mavi ya wavuvi?" Abiria wawili waliokaa mbele yetu wakacheka, na kuanzia hapo safari ikawa nyepesi. Magugu tuliona mashamba ya mpunga, kisha barabara ikaanza kupanda, hewa ikapoa, na Mlima Kwaraa ukajitokeza.

Babati ni mji wa njia panda. Barabara ya kutoka Arusha inafika hapo na kugawanyika: moja inaelekea Kondoa na Dodoma, nyingine Katesh na Singida. Tangu mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha, Babati ndiyo makao makuu ya mkoa. Sokoni utasikia Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi na Kiswahili cha kila namna kwenye meza moja ya vitunguu. Ziwa liko ukingoni mwa mji, karibu kiasi kwamba mwaka 1990 lilifurika na kuingia mjini, na wazee wa pale bado hukuonyesha maji yalikofika. Siku tuliyofika lilikuwa limetulia, limezungukwa na matete, na mitumbwi imelala pwani kama magogo.

Mvuvi tuliyeelekezwa kwake alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia ya sufu iliyofunika masikio. Mpwa wangu alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba huku macho yake yakiwa kwenye magongo. Akanivuta kando. "Mzee, mimi nina watoto pia," alisema. "Nikimpakia huyu, kiboko akatokea, atakimbiaje?"

Hakusema kwa ubaya, nami sikuwa na jibu. Lakini mtoto alikuwa amesikia. Akatuita kutoka pale alipoketi juu ya jiwe: "Na wewe, baba, akitokea utakimbilia wapi?"

Mvuvi akamtazama kwa muda. Kisha akacheka hadi akaivua kofia. Ndani ya maji hakuna mwenye miguu ya kumshinda kiboko, na hilo alilijua kuliko sisi sote. Akatwambia kwamba siku hiyo tuvulie nchi kavu, na kesho asubuhi, ikiwa hali ni nzuri na jaketi la uokozi limepatikana, tutakwenda naye kando kando ya matete, mbali na mahali viboko wanapolala.

Jioni ile tulivulia mahali palipo wazi. Mvuvi alitupa mshipi, ndoana mbili na kipande cha risasi kuwa chubwi. Chambo kilikuwa nyungunyungu ambao watoto wa jirani walituchimbulia. Mpwa wangu alijifunza upesi. Mikono iliyozoea magongo ina nguvu, na jicho lililozoea manati lina subira. Aliuzungusha mshipi kwenye kidole chake na kukaa kimya, akiwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango wa jirani.

Kisha mshipi ukavutwa kwa nguvu. Aliukamata kwa mikono miwili, ukamvuta mbele, gongo moja likaanguka majini. Mimi, ndugu msomaji, nilifanya kile ambacho nadhani wengi wetu tungekifanya. Nilirukia mshipi, nikamnyang'anya mkononi, nikauvuta kwa pupa. Kambare mnene alionyesha mgongo wake mweusi mara moja, mshipi ukakatika, akaenda.

Mtoto hakulia. Aliniambia kwa sauti ya chini, bila kunitazama: "Ungeniacha, Mjomba. Alikuwa wangu."

Nililiopoa gongo, tukarudi katika nyumba ya wageni bila maneno. Usiku sikupata usingizi upesi. Nilikumbuka mara ngapi nimemfungia vifungo vya shati anavyoweza kuvifunga, nimemjibia maswali aliyoulizwa yeye, nimemkatia nyama sahanini. Yote hayo niliyahesabu kuwa upendo. Huenda ni upendo kweli, lakini kwake ni kama wale wenzake waendao na manati yake: wengine hufanya, yeye husimuliwa.

Asubuhi palikuwa na baridi kali na ukungu juu ya maji. Jaketi la uokozi lilipatikana kwa mtu anayewatembeza wageni ziwani. Lilimzidi, tukalifunga kwa kamba. Sharti la dada yangu nilikuwa nimelivunja tayari jana, basi nikaamua kulivunja vizuri. Mvuvi alimbeba mgongoni hadi kwenye mtumbwi, akamketisha juu ya gunia la majani makavu, nami nikakaa nyuma yake. Magongo yalibaki pwani. Tulipokuwa tukienda, mvuvi alikuwa akigonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi mara kwa mara ili viboko wasikie tunakopita. Tuliwaona kwa mbali, masikio na pua tu, na mmoja alikoroma hadi maji yakatikisika. Mpwa wangu alinishika goti. Hiyo ndiyo mara pekee aliyonishika siku ile.

Alivua perege watano. Yule wa kwanza alikuwa mdogo kama kiganja, na mvuvi akasema kwamba huyo hachukuliwi. Mtoto akamtoa ndoanani mwenyewe, akachomwa na mwiba wa pezi, damu ikatoka, akamrudisha majini bila kunyoosha mkono kwangu kuomba msaada. Mikono yangu niliikalia. Sisemi kwa mfano. Niliiweka chini ya mapaja nikaikalia. Karibu na saa tatu mshipi ulivutwa tena kama jana. Aliachia, akavuta, akaachia, mvuvi akimwambia "mpe, mpe, sasa mnyime," na mimi nikiuma midomo. Safari hii kambare aliingia mtumbwini, akapiga mkia, akatumwagia matope sote watatu. Alikuwa na urefu wa mkono wa mtoto, toka kiwiko hadi ncha za vidole. Wa jana alikuwa mkubwa zaidi.

Kwa wazazi wenye nia ya kufanya safari kama hii, niseme machache niliyojifunza. Usimpeleke mtoto ziwani bila mwenyeji anayejua viboko walipo, wala usikae huko jioni, kwa sababu ndio wakati wanaotoka kwenda malishoni. Usimruhusu kuoga ziwani. Maji baridi yaliyotulia huweza kuwa na kichocho. Jaketi la uokozi litafute kabla ya mtumbwi. Mwezi Juni chukua sweta mbili. Mwenye kifafa asivue peke yake hata pwani, na mwenye maradhi ya moyo au selimundu aulizwe daktari wake kwanza kuhusu baridi na uchovu. Nauli na chakula vilinigharimu akiba ya miezi miwili, na nadhani wafanyakazi wa kiwanda kimoja au mtaa mmoja wakichangiana wanaweza kukodi basi dogo na kupeleka watoto kumi kwa mzigo usiomwelemea mmoja.

Mke wa mvuvi alitukaushia samaki kwa moshi usiku kucha. Tulipoondoka, mvuvi alimpa mpwa wangu ndoana moja iliyochomekwa katika kizibo cha chupa, wakaagana kama watu wa rika moja.

Basi la kurudi lilijaa harufu ya moshi. Magugu alipanda mama mmoja na kiroba chake cha mchele, akaketi upande wa pili wa njia. Akayatazama magongo, kisha miguu, uso wake ukajaa huruma.

"Pole, mwanangu," alisema. "Umepatwa na nini?"

Mpwa wangu hakulisikia swali vizuri, au alilisikia alivyotaka.

"Perege wanne na kambare," alijibu. "Walikuwa watano, mmoja nilimrudisha. Na kambare wa kwanza, mkubwa kuliko huyu, Mjomba alimwachia."