Alikonda Mbio Kabla ya Sendofu, Mfuko wa Nyongo Ukamgomea

Kuna mdada mmoja wa Muleba anauza nguo mtandaoni. Jina lake libaki hukohuko, ila wadau wengi wa Bukoba mjini wanamjua kwa sura. Bonge, mcheshi, na unene haukuwahi kumnyima usingizi mpaka barua ya posa ilipoletwa.

Siku hiyo shangazi wa mchumba alitupa utani mmoja tu: "Gauni la huyu binti litakula mita ngapi?" Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Usiku akalia.

Kesho yake akaanza dayati. Asubuhi chai ya rangi, mchana matango, usiku maji. Ndizi za mama yake akazikataa, senene ndiyo kabisa, hata harufu hakutaka. Wiki 9, kilo 18 chini! Akaposti picha, wadada wakajaa inbox: "Siri nini mamy?" Akawa anawatumia ratiba yake, mmoja baada ya mwingine.

Sendofu ikafanyika Bukoba. Siku hiyo akasema liwalo na liwe, akala kuku wa kukaanga, chipsi na nyama. Saa 7 usiku maumivu yakamkamata chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi begani, na kutapika juu. Baada ya saa kadhaa yakakata yenyewe.

Mama yake mkubwa akasema, "Vidonda vya tumbo hivyo mwanangu, umejinyima mno." Akanunuliwa dawa za vidonda. Wiki mbili mbele, yaleyale. Jirani naye akaja na yake, eti nyongo imejaa, akanyweshwa mafuta ya zeituni na malimao. Asubuhi akatoa vijipira vya kijani, nyumba nzima ikashangilia mawe yametoka. Wala hayakuwa mawe. Mafuta yale yakifika tumboni hugeuka madonge kama ya sabuni. Mawe yenyewe utrasaundi iliyakuta palepale, kwenye mfuko wa nyongo.

Hapo ndipo dokta akamkalisha chini.

Nyongo si uchafu wa kutapikwa. Ini linaitengeneza, mfuko unaitunza, na ukila mafuta mfuko unajikamua ili nyongo ikayasage. Ndani yake kuna asidi za nyongo, ambazo ini linazitengeneza kwa kolesteroli. Asidi hizo pia zinafanya kazi kama homoni, zinalipa ini na utumbo taarifa za mafuta na sukari. Mtu mnene, kolesteroli kwenye nyongo yake inakuwa nyingi. Akikonda mbio, mafuta ya mwili yanayeyuka na kolesteroli nyingine inamwagika humohumo. Na kwa kuwa hali mafuta, mfuko haujikamui. Nyongo inalala, inakuwa nzito, inaganda mawe.

"Kwa hiyo dokta, ningebaki bonge?"

"Hapana. Ungekonda polepole. Ukivuka kilo moja na nusu kwa wiki, hatari inapanda."

Dokta akamwambia na dawa ipo, asidi ya ursodioksikoliki. Yenyewe ni asidi ya nyongo, na jina lake limetokana na dubu, maana kwenye nyongo ya dubu imejaa. Mwaka 1995 Marekani walitoa majibu ya utafiti kwa watu wanene waliopunguzwa tumbo kwa upasuaji. Ndani ya miezi 6, waliopewa dawa ya bandia asilimia 32 walipata mawe. Waliokunywa miligramu 600 za dawa hiyo kwa siku, asilimia 2 tu.

Mdada macho yakang'aa. "Kumbe inakondesha!"

Wapi! Inakulinda na mawe wakati unakonda, haikukondeshi. Mwaka 2015 watafiti wa Austria waliwapa watu wenye unene uliopitiliza kwa wiki 3. Kolesteroli mbaya kwenye damu ikashuka, lakini mafuta kwenye ini yakaongezeka. Ndiyo maana si dawa ya kununua kwa kuambiwa na shosti. Mawe yakishakuwepo, inayeyusha yale madogo ya kolesteroli tu, kwa miezi mingi, na kwa karibu nusu ya watu yanarudi ndani ya miaka 5. Kwa mtu ambaye maumivu yameshaanza kumrudia kama yeye, tiba ni kuutoa mfuko. Maisha yanaendelea, nyongo inashuka moja kwa moja kwenye utumbo.

Harusi ikasogezwa mbele. Wa kwanza kuja kumwona wodini alikuwa yuleyule shangazi, na chupa ya uji. Hakusema mengi. Akamshika mkono tu, "Pole mwanangu, gauni litashonwa la kukutosha."

Alipopata nguvu mdada akashika simu. Akarudi kwa kila aliyemtumia ratiba, akaandika: "Acheni ile dayati. Mimi nimefanyiwa upasuaji. Ukiona maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, nenda hospitali. Yakija na homa au macho ya njano, usisubiri kukuche."

Wengi walimpa pole. Mmoja wa Kemondo akakaa kimya siku nzima, halafu usiku akajibu: "Dada, mbona mimi huo upande wa kulia unaniuma tangu juzi?"

Akamwandikia: "Asubuhi panda gari uje Bukoba. Nakusubiri stendi."