Chumba cha watu wawili, sisi tulikuwa tisa

Alfajiri ya Alhamisi tarehe 27 Mei 2021, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini alitangaza kwamba wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji wa Goma wahame. Siku tano kabla yake Nyiragongo ilikuwa imelipuka, na ardhi ilikuwa ingali inatetemeka. Wengi walishika njia ya Sake. Sisi tulishuka bandarini, tukasukumana mpaka tukapata boti ya Bukavu. Tulikuwa watu tisa: mimi, mke wangu, mama yangu na watoto sita.

Bukavu hatukuwa na ndugu, na giza lilikuwa limeingia. Kwenye hoteli ya kwanza, kijana wa mapokezi alituhesabu kwa kidole. Akasema: "Papa, chumba ni wakubwa wawili na mtoto mmoja. Ninyi mchukue vyumba vitatu." Chumba kimoja kilikuwa dola 20. Mfukoni nilikuwa na 43.

Nilimwambia mke wangu abaki pale na wadogo, mimi niwapeleke wakubwa kulala penye uwanja wa kanisa. Akakataa. "Usiku ule wa moto watu walipotezana na watoto wao. Wangu hawatalala pahali nisiposikia wakikohoa."

Nakiri, nilifikiri kuwaficha watatu nje ya lango, kisha kuwaingiza kimyakimya. Mama yangu alinitazama tu, nami nikaona haya.

Kijana yule hakuwa mbaya. Alinieleza kwamba maji yanachotwa kwa vidumu, choo ni kimoja kwa vyumba vingi, na moto ukiwaka usiku watu watakanyagana mlangoni. Ni kweli. Lakini maelezo hayalazi watoto.

Tulitembea tena mpaka kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja. Yeye hakuuliza tuko wangapi. Aliuliza: "Wa mwisho ana miezi mingapi?" Alitupa chumba kimoja, akatandika magodoro mawili chini, akaongeza dola 5 kwa ajili ya maji. Mimi na kijana wangu mkubwa tulilala kwenye korido, mgongo wetu mlangoni.

Ndugu zangu mnaohama leo, mkifika hotelini ulizeni kwanza: bei ni ya chumba ao ya kila kichwa? Mtoto anahesabiwa tangu miaka mingapi? Godoro la chini linaruhusiwa? Semeni hesabu ya kweli, muone na mlango wa kutokea.

Nanyi wenye hoteli, sheria ya vyumba ni ya lazima. Iandikeni ukutani pamoja na bei yake. Na siku ya msiba, mbele ya kuhesabu vichwa, ulizeni umri wa watoto.