Bendera Tezini

Mimi ni mtu wa Shinyanga, nchi ya vumbi. Adabu za chomboni nilizijua vitabuni tu. Nilipomtembelea babu yangu Nkome, mkoani Geita, niliitweka bendera ya Taifa omoni mwa mtumbwi wake wa tanga, buluu juu, kijani chini. Babu, aliyekuwa baharia wa meli za ziwani, akalitua tanga.

“Mjukuu wangu, umetangaza kwamba tunazama.”

Nilitahayari. Kumbe bendera iliyopinduliwa ni kilio cha msaada tangu zamani, na mahali pake hasa ni tezini. Akaifungua, akaitandaza magotini. Buluu, iliyoingia mwaka 1964 kwa muungano na Zanzibar, hakuigusa. Kidole chake kilifuata ile milia miwili ya manjano, iliyo alama ya madini. Na mwanawe alifukiwa shimoni akitafuta dhahabu. Kisha akaitweka mwenyewe, kijani juu.