Kutembea ku Bahari

Kwetu Mutoshi hakuna mtu anayekwenda kutalii. Neno tunalijua, limo katika vitabu vya shule, lakini mtaani sijawahi kulisikia. Mtu akitoka nyumbani bila kazi, bila msiba na bila mgonjwa wa kumwona, tunasema ameenda kutembea, hata kama amepanda basi safari nzima. Jumapili wenye nafasi huenda kutembea Nzilo, kwenye ziwa lililopatikana mwaka 1952 mto Lualaba ulipozibwa ili migodi ipate umeme. Hula samaki, hupiga picha wakiwa wamesimama ukingoni, hurudi kabla ya giza. Ukingo ule huitwa plaji. Kwa watu wa Kolwezi, mji ulio juu karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hiyo ndiyo pwani yetu.

Nchi yangu ina pwani ya kweli pia. Ni fupi, kilomita 37 hivi, kule Muanda ambako mto Kongo unaingia katika Atlantiki, na tangu 1992 ipo hifadhi ya mikoko inayolinda nguva na kasa. Lakini Muanda iko upande wa pili wa nchi, na mtu wa Mutoshi akifika huko Kiswahili chake amekwisha kukiacha njiani. Bahari ambayo mimi niliweza kuifikia kwa barabara ni ile ya mashariki. Malori ya shaba na kobalti hutoka kwetu, hupita Kasumbalesa, huikata Zambia, huingia Tunduma na kushuka hadi bandari ya Dar es Salaam. Nilipokuja kusoma Kiswahili nilifuata njia hiyo hiyo, na sehemu kubwa ya safari dirisha langu lilitazamana na turubai la lori.

Mwaka jana darasa letu lilikwenda Saadani. Msomaji aliyezaliwa Tanga au Bagamoyo atanisamehe nikieleza analolijua. Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, iko kaskazini mwa Bagamoyo, na sifa yake ni kwamba mbuga inashuka mpaka mchangani. Asubuhi tuliona twiga, ngiri, nyumbu, na tohe wengi wamelala katika nyasi hata masikio tu ndiyo yaliyoonekana. Mchana tulipanda mashua katika mto Wami. Viboko walikuwa makundi makundi, mamba wamekauka juani, na kadiri tulivyokaribia mlango wa mto miti ilibadilika ikawa mikoko, na maji yakaanza kunuka chumvi. Jioni tulivua viatu tukasimama baharini. Wenzangu walicheza mpira. Mimi nilionja maji, maana nilikuwa nimeahidi nyumbani kwamba nitayaonja.

Langoni karani alikuwa ameandika jina langu katika safu ya raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, kwa hiyo hakuna cha ajabu hapo. Hata hivyo nilitazama safu ile kwa furaha kidogo. Kwa karatasi, nilikuwa mwenyeji.

Kwa ulimi ilikuwa habari nyingine. Kijiji cha Saadani kiko ndani ya eneo lile lile, na wavuvi wake wanajulikana kwa kamba, ambao huanikwa juani. Tulipoingia kijijini nilimkuta mzee ameketi kivulini akishona wavu, nikamwambia kwa heshima zote nilizolelewa nazo, “Jambo, mzee.” Akainua uso, akacheka vizuri, akanijibu polepole, silabi moja moja, kama mtu anavyomsemesha mtoto, “Jam-bo! Ka-ri-bu Tan-za-ni-a!” Mwenzangu akanipita, akainama kidogo, akasema “Shikamoo, babu,” na mzee akamjibu “Marahaba” kwa sauti yake ya kawaida.

Kolwezi “jambo” ni salamu kamili. Mtoto humsalimu nayo bibi yake, na bibi hujibu kwa neno lilo hilo. Hakuna anayejiona amevunjiwa heshima. Pwani, salamu ile imeachiwa wageni wanaotoka uwanja wa ndege. Kwa hiyo neno nililofundishwa na mama yangu kama adabu ndilo lililonifanya mtalii. Nilipomweleza mzee ninakotoka aliweka wavu chini. “Kongo? Kwa wenye shaba? Basi wewe si mgeni, mwanangu, umechelewa tu.” Akatuonyesha magofu ya boma la zamani, akatueleza habari za misafara.

Alichosema kina ukweli wake. Katika karne ya 19 Saadani ilikuwa bandari ya misafara kama Bagamoyo, na kutoka pwani hii Bwana Heri alipigana na Wajerumani mwaka 1889. Bara, Msiri aliyetoka Unyamwezi alikuwa amejenga utawala wake Bunkeya, ambayo leo imo katika mkoa wetu wa Lualaba, na alifanya biashara ya pembe na shaba mpaka alipouawa Desemba 1891. Kwetu kila mtoto amewahi kuona picha ya msalaba wa shaba wa zamani, ule uliotumika kama fedha. Jioni ile, nikiwa na mchanga miguuni, nilitaka sana kuamini kwamba msalaba, lori na mimi tumepita njia moja, na kwamba Kiswahili chetu kilipanda nayo.

Wahadhiri wetu hawaturuhusu kuamini kwa urahisi hivyo. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya Kiswahili na utawala wa Kibelgiji, alionyesha kwamba Kiswahili cha Katanga hakielezeki kwa misafara peke yake. Kilikuzwa kambini, miongoni mwa wafanyakazi walioletwa kutoka makabila na nchi mbalimbali, na waajiri, watawala na wamisionari waliokitaka kiwe lugha ya kazi. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa walioletwa. Alikutana na Kiswahili kwenye foleni ya posho. Kwa hiyo mzee wa Saadani alinipa undugu ambao historia inanipa nusu yake tu. Nimeuchukua, lakini naujua kipimo chake.

Niliporudi Mutoshi likizo, nilimwonyesha baba picha kwenye simu. Baba alifanya kazi mgodini miaka mingi, na sasa kifua kinamsumbua. Hukaa sana mlangoni. Alitazama twiga, akatazama bahari, akauliza swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeuliza kwanza:

“Kule banachimbaka nini?”

“Hakuna, papa. Bantu banaendaka kuangalia tu.”

Nikakumbuka mashamba ya chumvi yaliyo jirani na hifadhi, nikayataja, naye akaridhika kidogo. Chumvi ni kitu. Akapitisha picha nyingine mbili tatu, kisha akauliza la pili, bila kuinua macho:

“Na benye kuikala kule, balibatosha?”

Kwa wasomaji wa pwani lazima nieleze. Kwenu kutosha ni kuwa kiasi kinachofaa: chakula kimetosha, maneno yametosha. Kwetu kutosha ni kuondoa. Unatosha kofia, unatosha jiwe njiani, unatosha mtu katika nyumba. Baba alikuwa anauliza kama watu wa Saadani waliondolewa ili wengine wapate kuangalia.

Hakuuliza bure. Mtaani kwetu, kuta za nyumba kadhaa zina alama nyekundu na namba. Yetu ni mojawapo. Walipita vijana wenye ndoo ya rangi na daftari, wakasema ni sensa, kisha wakasema ni maandalizi, kisha hawakurudi kusema lolote. Mutoshi ni mahali pa kale kwa uchimbaji. Mgodi wake, zamani ukiitwa Ruwe, umekuwa ukichimbwa tangu mwanzo wa karne ya 20. Kila kizazi kimeona shimo likisogea. Hatujui kama litatufikia mwaka huu au baada ya miaka kumi, na kutojua huko kumemfanya mama aache kupanda mti wa parachichi alioununua. Mche bado uko ndani ya kopo.

Nilimjibu baba nilichokijua. Kijiji cha Saadani bado kipo. Lakini wakazi wa Uvinje, kitongoji chake kimoja, wamebishana na hifadhi kwa miaka mingi kuhusu mpaka, wakisema ramani imeimeza ardhi yao. Watafiti wameandika habari hiyo, nami niliisoma baada ya safari. Siku ile katika mashua hakuna aliyeitaja, wala mimi sikuwa na sababu ya kuuliza: nilikuwa natazama viboko. Baba akatikisa kichwa. “Basi ni sawa na hapa.”

Nimelifikiria jibu hilo kwa wiki tatu, na sikubaliani nalo lote. Si sawa. Mutoshi mlima ukiondoka hauondoki kwa muda. Tohe wa Saadani watakuwepo kesho, na mvuvi akipewa haki yake mpakani ataikuta bahari mahali ilipokuwa. Kwetu, hata haki ikija, italipwa kwa fedha, kwa sababu hakuna tena kilima cha kumrudishia mtu. Hifadhi, pamoja na madhambi ya mpaka wake, imelinda jambo ambalo sisi hatujawahi kulidai: kwamba mahali paweza kuwa na thamani kwa kuwa pameachwa palivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipofika kwa mara ya kwanza mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiuliza kilichomo chini ya ardhi.

Lakini baba naye ana sehemu ya ukweli, na ndiyo iliyoninyima usingizi. Mgodi na hifadhi huanza kwa njia moja. Mtu anakuja na ramani, na katika ramani hiyo mahali pale pana majina machache sana. Palipo na jina moja kubwa ni rahisi kuchora mstari. Kaskazini mashariki mwetu iko Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1939, wanakoishi punda milia wa mwisho wa Kongo. Sisi watoto wa Lualaba tunaijua kwa jina hilo moja tu, na wachache sana miongoni mwetu wamewahi kufika. Hatukuwahi kwenda kutembea Upemba. Kama kesho mtu angeikata vipande kwa ajili ya madini, sijui ni nani katika mtaa wetu angeweza kusema kwa jina ni bonde lipi limekatwa.

Ndiyo maana likizo hii nimeanza kutembea Mutoshi kama nilivyotembea Saadani, polepole, bila kazi, nikitazama. Ninakwenda na daftari. Naandika majina ambayo watu huyatumia na ambayo hayamo katika ramani yoyote niliyoiona: Ku Mwembe Moja, ambako mwembe wenyewe ulikatwa kabla sijazaliwa, Ku Pompe, ambako pampu haitoi maji tena, Ku Reli, na mteremko ambao wanawake wanaosafisha mawe huuita Pa Kupumuzikia, kwa kuwa hapo hutua mizigo. Mpaka leo nina majina arubaini na moja. Karibu yote yanaanza na ku au pa. Mhadhiri wangu wa mofolojia atafurahi, maana pwani ngeli hizo zinasinzia katika majina ya mahali na kwetu bado zinafanya kazi mchana kutwa.

Sidai kwamba daftari litazuia katapila. Alama nyekundu bado iko ukutani, na nikiondoka kurudi Dar es Salaam nitawaachia wazazi kuitazama. Ninachojua ni kwamba vijana wa ndoo walipoandika nyumba yetu waliandika namba, na siku ya kulipana, ikifika, watu wetu watahitaji kusema zaidi ya namba. Mtu aliyepoteza Ku Mwembe Moja amepoteza kitu kinachoweza kutajwa mbele ya hakimu. Aliyepoteza kiwanja namba fulani amepoteza mita za mraba.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenzangu wa kitivo, hasa mnaotoka katika vijiji na mitaa iliyo karibu na migodi, bandari, mashamba makubwa au hifadhi. Tumefundishwa kukusanya methali na vitendawili, na ni vizuri. Kusanyeni pia majina ya mahali, pamoja na sababu zake, kwa matamshi ya wenyewe, msiyasafishe. Mtu akiwaambia ku, msiandike kwenye.

Baba alidhihaki kazi hii siku za kwanza. Aliita kazi ya asiye na kazi. Juzi aliniita nikiwa nje, akaniomba nimsomee majina yote. Aliyasikiliza kwa utaratibu, akasahihisha mawili, kisha akakaa kimya muda mrefu. “Umesahau pale penye nilimwona mama yako mara ya kwanza,” akasema. Nikamwuliza panaitwaje. Akasema hapana jina, kwa kuwa walikuwa wawili tu. Nikafungua ukurasa, nikampa kalamu.